Saa Moja na Nusu Kutoka Dar

Nakumbuka asubuhi ile pale Nyamwaga, mwanangu, baba yetu amelala ndani siku ya pili na kaburi limeshachimbwa kando ya zizi. Tulikuwa tunamngoja kaka yangu Marwa, mtoto wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Kwenye ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye huanza kumtupia baba yake udongo. Akikosa, jambo hilo hubaki naye maisha yote.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimetembea hadi posta ya Tarime kuongea naye kwa simu. Akaniambia kesho saa mbili asubuhi anapanda ndege, na Dar hadi Mwanza ni saa moja na nusu. Simu ikakatika. Njia nzima nilikuwa nashangaa: ng'ombe wetu kufika mnadani tu ni siku nzima, sasa hicho chuma kinavukaje nchi yote kabla hata hujamaliza kukamua? Shule niliishia darasa la pili, lakini kushangaa sijaacha mpaka leo.

Wazee wakaniuliza Marwa atafika saa ngapi. Nikawajibu saa sita mchana. Baba mdogo, aliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa, akaniangalia.

"Na kutoka Mwanza kuja hapa?"

"Hapo ni karibu tu, baba mdogo."

Mwanza sijawahi kuiona, mwanangu. Nilidhani iko hapo nyuma ya Musoma. Ila vijana wenzangu walikuwa wananisikiliza, nami nikaona raha kuitwa mjuaji.

Wakangoja hadi saa tisa. Mvua ikakusanyika, na wote tukaamini Marwa hakupanda ndege. Nikaambiwa nianze mimi kutupa udongo.

Kaka alifika jua linazama, matope mpaka magotini. Ndege ilikuwa imetua saa tatu na nusu, kama alivyosema. Saa zote zilizobaki zililiwa na basi, utelezi, na foleni ya kivuko cha Mto Mara, maana daraja la Kirumi lilikuwa bado kujengwa. Alilitazama kaburi, kisha akauliza.

"Mngejua nafika jioni, mngeningoja?"

"Tungekungoja mpaka kesho," baba mdogo akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe uliambiwa habari ya ndege. Ya barabara umeitoa wapi?"

 

Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu yake: Dar na Mwanza angani ni kilomita mia nane na kitu, na muda ni uleule. Nikamuuliza, na mabasi je? Akasema simu inaeleza hata hayo, babu, ukiiuliza.

Basi uliza, mwanangu. Mtu akikutajia saa za ndege, muulize anatoka nyumbani saa ngapi, anashukia wapi, na kutoka hapo anapanda nini. Na usipojua, sema sijui, hata kama watu wote wanakutazama. Mungu akupe safari ndefu, na akufikishe nyumbani ungali unangojwa.