Kikapu cha Shangazi wa Mke Wangu

Nilioa miaka ile ya wakimbizi, na mpaka leo nikikumbuka kile kikapu mwili unanisisimka. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinidai mpangilio.

Kabla ya kuoa nilikuwa nabeba ndizi kwa baiskeli kutoka kwetu Kirushya kwenda kuuza kambini. Kambi ilikuwa kubwa kuliko mji wa Ngara wenyewe, ina vinyozi, mabucha, vilabu vya pombe. Kulikuwa na mjane mmoja aliyenipikia maharage, na sitaficha, nililala kwake, si mara moja. Kondomu ziligawiwa bure pale zahanati ya kambi. Sisi vijana tulisema zina wadudu. Tuliwahi kutia moja kwenye kopo la maji ya moto tuwaone wakitoka, tukakodoa macho mpaka maji yakapoa. Hatukuona kitu, na bado hatukuzivaa. Ukimtolea mwanamke kondomu ni kama umemwambia yeye malaya, au wewe mgonjwa.

Basi, harusi. Kwetu shangazi wa bibi harusi humsindikiza kwa mume akiwa na kikapu cha ulezi, na bwana harusi hukifungua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mama yake. Nikafungua. Nikaingiza mkono kwenye ulezi nikitafuta samli inayofichwa humo, nikatoa vipakiti, vimeshikana kama mkanda.

Mama yangu akavipokea, akavigeuzageuza. "Hii dawa ya nini?"

"Ya kumlinda mwanangu," shangazi akajibu.

Masikio yakaniwaka. Huyu shangazi ni mama wa kanisani, anaimba kwaya, kusoma hajui. "Shangazi, unanitukana mbele ya mama yangu?"

"Sijakutukana, baba. Nakuuliza tu. Baiskeli yako imelala kambini mara ngapi?"

Mama akaniangalia. Nikatazama ulezi. Kumbe yule shangazi naye alikuwa akiuza mihogo kule, na kina mama wa kambini waliofundishwa mambo ya ukimwi walimfundisha naye. Baiskeli yangu aliijua kwa kile kiti chake chekundu.

Nikasema basi, nioe kwa amani au wamchukue mtoto wao. Nilijua hawawezi, watu walishakunywa.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango, alikokaa bibi harusi na shuka kichwani. Binti ambaye tangu posa hakuwahi kuniinulia macho.

"Mimi ndiye niliyemwomba shangazi aviweke. Dada yangu na mume wake tuliwazika mwaka jana, wote kwa ukimwi. Ukikataa, naondoka na shangazi sasa hivi, watanicheka, wakichoka wataacha."

Mama yangu akavirudisha kwenye ulezi polepole, akanisogezea kikapu. "Chukua, mwanangu. Au mpeleke kwao mwenyewe, mimi sitakusindikiza."

Nikachukua. Ile wiki nilivaa kama niliyevalishwa pingu, nasema kweli, na Jumatatu nikaenda hospitali kutoa damu. Majibu yalichukua wiki mbili, nikakonda kwa woga tu. Wakasema sina, ila nirudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu virusi vinaweza kujificha. Nyumbani nikajitapa. Mke wangu akasema vizuri, basi tuendelee na vile vipakiti miezi mitatu.

Siku ya kurudi nikamkuta amevaa kitenge cha kutokea.

"Wewe unaenda wapi?"

"Kupima."

"Wewe wa nini?"

"Kwani kabla yako nilikuwa naishi wapi, mwezini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimemwogopa mjane, nikajiogopea mimi, yeye nikamwona kama ametoka dukani na karatasi yake. Njia nzima sikuuliza, naye hakueleza, na mpaka leo hajaeleza.

Majibu yalipotoka, tukaambiwa wote wazima. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Yeye alishatoka, yuko sokoni anachagua dagaa.