Mama Povu na Kanuni ya Maji

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Povu, alikwenda kufua mashuka ya kanisa kwa wiki moja tu, akazeekea huko. Wakati huo waliovuka mpaka walikuwa wakilala juu ya mabenchi ya ibada, hadi kina mama wa kanisa walipogeuza ghala la nyuma kuwa nyumba ya wapitaji. Wakaweka kanuni moja: mgeni aoge, nguo zake zifuliwe, ale, ndipo aulizwe habari zake. Shangazi aliishika kanuni hiyo kama amri ya mbinguni. Hata askofu alipofika na vumbi la safari alielekezwa bafuni, naye akaenda.

Mimi sikuipenda kamwe. Nilimwambia shangazi kwamba wema usiouliza utatuponza. Akanijibu kwamba nina roho ya karani wa forodha.

Alasiri moja aliingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alioga, akala amesimama, macho mlangoni. Baadaye tulikuwa uani, mimi na shangazi, tukikamua mashuka, alipotuita kwa kunong'ona kutoka dirisha la jikoni. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Mama, yule mwanamume aliyekaa barazani, nani kamfungulia?"

"Mimi, mwanangu. Ni mgeni kama wewe."

"Ni mume wangu. Ndiye ninayemkimbia. Aliapa akinipata atamchukua mtoto, mimi anizike."

Geti lilikuwa moja tu, na aliyekaa barazani aliliona lote. Nilitaka kumwambia shangazi "si nilikwambia," lakini nilipomwona usoni nikameza maneno yangu. Alinituma kwa mchungaji, aliyekuwa na gari lake nyuma ya jiko. Shangazi mwenyewe akachukua taulo na ndoo, akaenda barazani.

"Karibu, baba. Hapa kwetu maji kwanza."

"Sikuja kuoga. Namtafuta mke wangu. Kapita hapa?"

"Mimi na mtu mwenye vumbi hatuongei. Oga, ule, halafu tutaongea mpaka uchoke. Na nguo nipe, zinanuka safari."

Yule bwana alicheka kwa dharau, lakini njaa ilikuwa inamuuma, akaingia. Shati na suruali vikatupwa juu ya mlango. Mfukoni mlikuwa na kisu cha kukunja. Shangazi alikitoa akanipa, nikakitumbukiza chooni, kisha akazamisha nguo zote kwenye beseni la sabuni.

Mwanamke alilala chini ya mashuka kwenye kiti cha nyuma cha gari, akimbana mtoto kifuani. Mchungaji akawasha. Gari likakohoa, likazima. Bafuni maji yakanyamaza.

"Nani anaondoka?"

"Mchungaji na safari zake," shangazi akajibu, sauti imetulia.

Gari likawaka. Lilipopita getini, mtoto akalia.

Mwanamume alitoka na taulo kiunoni, akamkaba shangazi shingo. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Mafundi waliokuwa wakiezeka paa la kanisa waliteremka mbio, nyundo mikononi, ndipo akamwachia. Alivaa nguo zake zikichuruzika povu, akaondoka akitutukana. Hakupata usafiri mpaka kesho yake, na kufikia hapo mwanamke alikuwa mbali, kwa watu aliowaamini.

Nilitegemea shangazi atambe. Badala yake aliketi sakafuni kando ya beseni, akalia kama mtoto.

"Umemwokoa, shangazi," nikamwambia.

"Huyu, ndiyo." Alijifuta pua kwa kiganja. "Lakini wapo wanawake waliokuwa wakitoroka hapa alfajiri bila kuaga, usiku nikiwa nimempokea mwanamume. Wengine waliacha hata viatu. Nikawa nawasema kwa kila mtu kwamba hawana shukrani."