Soli za Kwenda Tu

Njia ya kutoka kijijini kwetu kwenda mjini sokoni imepita ubavuni mwa mlima, imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ukienda, bonde liko kushoto kwako. Ukirudi, bonde linahamia kulia. Kuku wa kule juu wana mguu mmoja mfupi, nimewaona kwa macho yangu haya. Na boga la jirani yangu lilimponyoka kwenye kona ya kwanza. Alipofika sokoni alilikuta mezani kwa mtu, linaulizwa bei. Asiyeamini aende akaulize.

Ni saa mbili kwa miguu. Mume wangu aliikanyaga miaka thelathini na ushei, kila siku isipokuwa ya mapumziko. Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa pale njia inapoingia mjini: mabati mawili, kigoda, na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka kitandani. Watu walimwita Soli, maana hakumtazama mtu usoni kabla ya kumaliza miguu. Unampa kiatu, anakigeuza, anakwambia: wewe unabeba mzigo bega la kulia, wewe jana shamba hukufika. Wanawake walimpelekea viatu vya waume zao, si vya kushonwa, vya kusomwa tu.

Mimi shule sijaikanyaga, lakini soli alinifundisha kuzisoma. Kwa njia yetu kanuni ni moja: mguu wa bondeni ndio unaoelemewa, kwa hiyo kiatu cha bondeni ndicho kinacholika ukingoni. Aliyekwenda na kurudi, vyote viwili vimelika sawa.

Basi siku moja ya mapumziko, mume wangu bado kalala, akaja wifi yangu, dada yake, mwanamke ambaye akinyamaza ujue anameza. Alikuja kuazima ungo. Akaviona viatu vya kaka yake mlangoni, akavigeuza.

"Wifi, hebu njoo uone."

"Nione nini? Viatu si viatu?"

"Cha kushoto kimetafunwa kama muwa. Cha kulia kama cha bwana harusi."

Nikatazama. Kweli tupu; miaka yote nilisoma soli za watu, za mume wangu sikuwahi kuzigeuza.

"Kaka anakwenda kwa njia ya mlimani," akasema polepole, kama anayemenya karanga. "Kurudi, harudi nayo."

"Anarudi na nini, mabawa?"

"Anarudi na barabara ya magari. Kule darajani, kwa yule fundi cherehani mjane, mwenye mwanya. Fundi kwa fundi, wifi yangu, mazungumzo hayakosekani."

Nilicheka, nikampa ungo, nikamsindikiza mpaka uani. Aliponipa mgongo kicheko kikanikauka. Kesho yake bombani hata ndoo zilikuwa zinajua.

Kilichonichoma zaidi, wivu au udadisi, mpaka leo sijui. Barabara ya magari ni ndefu mara mbili, na mume wangu alifika nyumbani saa ileile kila siku. Wa mwisho, ndiyo, wenzake wote wa sokoni wakiwa wameshapita, lakini jua lilikuwa bado lipo, na viatu viko mguuni, kamba zimefungwa. Alipitaje?

Na vile viatu havikuwa vya mchezo. Alipokuja kuniposa, baba yangu alimtazama miguu akasema, "Binti yangu simpi mtu wa peku." Akaondoka, akarudi baada ya wiki mbili amevaa viatu alivyojishonea mwenyewe, akaapa mbele ya wazee kwamba sitamwona peku nje ya chumba chetu maisha yake yote. Kila jozi ilipochakaa alishona nyingine kwa kipimo kilekile cha posa. Sasa mtu mwenye kiapo kama hicho, soli zake zinisimulie mambo ya darajani?

Nikakata shauri. Nikafunga nguo zangu furushi, nikalitia ndani ya tenga, nikaaga naenda kutafuta kuni. Nikajibanza nyuma ya jiwe kwenye kona ya tatu, juu ya kijito. Nikajiambia: akitokea njia hii, narudi nyumbani. Jua likigusa kilima hajatokea, naunganisha moja kwa moja mpaka kwetu nilikozaliwa, na ungo wifi abaki nao.

Watu wa sokoni wakapita, makapu matupu, umbea umejaa. Njia ikawa kimya. Jua likashuka, likashuka, limebakiza unene wa kidole. Nikashika furushi langu.

Ndipo nikasikia mluzi.

Alikuwa yeye. Peku! Viatu kavifunga kamba pamoja, kavining'iniza shingoni, anatembea vidole vimetanuka kama mtoto aliyetoroka kuogeshwa. Akafika kijitoni, akaketi, akatumbukiza miguu, akatoa "aaah" moja ambayo vyura waliiitikia.

Akavigeukia viatu. "Mmenitafuna asubuhi nzima," akaviambia. "Sawa, siku ile ngozi ilinipungukia, kosa ni langu. Lakini miaka yote hii mngetanuka hata kidogo!"

Macho yakanitoka pima. Fundi anayevisha mji mzima, kiatu chake mwenyewe kinambana! Nacho hakikurudi kwa barabara yoyote. Kilibebwa.

Akafuta miguu, akauma ukosi wa shati, akasukuma vidole ndani, kimoja kimoja, machozi yakimlenga. Akafunga kamba, akanyooka, akaenda zake kwa maringo ya bwana harusi. Nilitaka kucheka. Badala yake nikalirudisha furushi ndani ya tenga.

Nikakata kichakani, nikamtangulia nyumbani kwa pumzi ya mwisho.

"Kuni ziko wapi, mama watoto?"

"Zilikuwa mbichi."

"Na hilo furushi?"

"Nguo za kufua."

Akatazama ndala zangu, zimejaa tope la kijito. Akaguna tu.

Asubuhi ya mapumziko, kabla hajaamka, nilichukua tupa kwenye mfuko wake wa kazi, nikakisugua ukingoni kile kiatu cha kulia mpaka kikalingana na mwenzake. Wifi akaja kurudisha ungo, moja kwa moja mpaka kwenye viatu. Akageuza hiki, akageuza kile.

"Mbona vimelika vyote?"

"Kapimwe macho, wifi. Halafu pitia bombani ukazieleze zile ndoo."

Akaondoka, kasahau hata kuurudisha ungo, kautia kwapani alivyokuja nao.

Mume wangu akatoka, akakiokota cha kulia, akapitisha kidole gumba ukingoni. Tupa huacha mistari, njia haiachi. Akanitazama, tena usoni.

"Njia hii siku hizi inakula na wanaorudi," akasema.

"Ilikuwa na njaa." Nikakitwaa kiatu mkononi mwake. "Hivi chumba chetu kinaishia wapi?"

"Mlangoni pale."

"Nani kakudanganya? Kinaishia sokoni, kwenye kigoda chako. Mwenye chumba ni mimi."

Kuanzia hapo alirudi peku mpaka jikoni, mchana kweupe, na kiapo hakijavunjika. Asubuhi tu ndipo alipovivaa, nani atampa kiatu fundi asiye na viatu? Nami kila siku ya mapumziko nikakipiga tupa kile cha kulia, maana wifi, hata baada ya kumwona peku, hakuacha kuja kurudisha ungo na kugeuza viatu.