Salamu Isiyoitikiwa, Kutoka Ifakara Hadi Mlima wa Chita

Nilipanda mlima kwa ajili ya mdogo wangu Veronika, si kwa ajili ya roho yangu. Nasema mapema msije mkanipa sifa za bure. Mimi ni fundi cherehani hapa Ifakara. Kila mwaka, mavuno yakiisha, vijana wa parokia hufanya hija ya kupanda mlima na kulala msituni, wakiwa na watu wazima wachache wa kuwalea. Kazi yangu siku zote ilikuwa kuwashonea vitambaa vya shingoni na kuwatakia heri. Mwaka huu nilikwenda mwenyewe, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anakauka huku namwona.

Mtoto wake wa pekee, Deogratias, alifia mtoni masika ya mwaka jana. Alikuwa akivua na rafiki yake Festo. Hao wawili walikua pamoja kijijini Namawala, sahani moja, mkeka mmoja. Kiboko aliupindua mtumbwi wao upande wa Mofu. Festo aliogelea akatoka. Deo hakutoka, tukampata kesho yake.

Tangu msiba ule, Festo akimwamkia Veronika, Veronika haitikii. Kijana anasema, "Shikamoo mama," mdogo wangu anatazama chini, kimya. Na ninyi mnajua shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani. Afadhali utukanwe. Watu wakaanza kunong'ona: kama mama mwenyewe hapokei salamu yake, basi huko mtoni kuna jambo. Kijana wa watu akaacha uvuvi, akajifunza useremala, akawa anapita njia za nyuma za mashamba.

Kanisani nako yale yale. Tukisali Baba Yetu, Veronika akifika kwenye maneno ya kusamehe ananyamaza, halafu tunakutana naye kwenye Amina. Komunyo aliacha kabisa. Nimegombana naye, nimembembeleza, nikagombana naye tena. Jibu lake moja: "Dada, niache." Basi nikasema isiwe tabu, nampeleka mlimani. Kama Mungu hakumpata Namawala, labda atampata huko juu.

Ifakara, alfajiri. Veronika alikuwa amelala kwangu. Tulikuta Fuso la kukodi limeegeshwa mbele ya kanisa, masufuria na maturubai yamefungwa pembeni. Kiongozi wetu alikuwa Katekista Kamilo, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, anayependa sheria kuliko chakula, na chakula anakipenda sana. Vijana walipanda kwa kelele zao, "oya, sogea mwanangu, hapo pangu!" Sisi watu wazima tukapewa benchi. Veronika alikaa ubavuni kwangu na kifurushi chake mapajani, akafumba macho kabla hata gari halijaondoka.

Namawala. Sikutegemea kusimama pale. Lori likapunguza mwendo, na pembeni mwa barabara nikamwona Festo, msalaba wa mninga begani, ameuchonga mwenyewe kwa ajili ya kusimikwa kileleni. Nikamgeukia katekista.

"Katekista, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja!"

"Haya, umejijibu."

Festo alipanda, akatuamkia watu wazima mmoja mmoja kwa adabu. Alipofika kwetu akainamisha kichwa. "Shikamooni mama." Nikasema, "Marahaba," halafu nikasema tena, "Marahaba." Ya kwanza yangu, ya pili ya mdogo wangu. Mwaka mzima ndivyo nimekuwa nikifanya, naitikia za watu wawili ili kijana asiondoke mikono mitupu. Veronika alivuta kanga ikafunika uso. Festo akaenda kukaa nyuma kabisa, msalaba miguuni.

Njia panda ya Mofu. Hapo tulisubiri sana, maana vijana wa Kisukuma walikuwa wanavusha ng'ombe, na ng'ombe wa Msukuma hana haraka na lori la mtu. Pande zote mpunga ulikuwa umevunwa, yangeyange wanatembea kwenye mabua. Mto hauonekani kutoka barabarani, lakini Veronika anajua ulipo. Aligeuka akaupa mgongo, akabaki hivyo mpaka tulipofika mbali. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa limeshachoma.

Chita, jioni. Mwenyeji wetu alikuwa Baba Adelina, mkulima wa mpunga anayeishi chini kabisa ya mlima. Yeye ndiye aliyetuombea ruhusa ya kuingia msituni na ndiye angetuongoza. Mkewe alitupokea kwa ugali na kambale wa kukaanga, akatuhimiza tule, kwa kuwa huko juu, alisema, hakuna mtu atakayetukaribisha. Nilimuuliza mumewe kama kileleni ni mbali.

"Aa, hapo tu, mama."

Sikumwamini hata kidogo. Huku kwetu "hapo tu" imewavunja watu magoti.

Baada ya kula katekista alisimama kutangaza sheria yake. Kesho, kuanzia kijito kilichoko mwanzo wa msitu hadi kileleni, hakuna kufungua mdomo. "Mdomo ukifungwa, masikio yatafunguka. Mungu hasemi na mtu anayepiga soga."

Kijana mmoja akauliza, "Hata kuomba maji, katekista?"

"Ishara!"

Mwenzenu nilifurahi. Nilijisemea, kesho hakuna atakayemwamkia mwenziwe, basi hakuna atakayenyimwa kuitikiwa. Walau asubuhi moja mdogo wangu atapumzika, na kijana naye atapumzika.

Kijitoni, asubuhi. Tulinawa uso, tukafanya ishara ya msalaba, tukaingia msituni kwa mstari mmoja. Baba Adelina mbele na panga, katekista nyuma yake, sisi kati, Festo mwisho na mzigo wake. Ukimya ule ulinitisha mwanzoni. Kisha nikaanza kusikia maji yanayoanguka mahali nisipopaona, mbega wakirukia matawi, majani mabichi yakisagika chini ya viatu, na magoti yangu yakilalamika. Nilimwomba Mungu kimyakimya. Sikumwomba jambo kubwa. Nilimwambia, Bwana, huyu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, sijui tena nimfanyeje.

Tulikuwa tumepanda kiasi cha kutokwa jasho la kweli tulipokutana na bibi kizee anashuka, mzigo wa kuni kichwani. Njia nyembamba. Tukajibanza pembeni apite. Na hapo ndipo katekista, mtunga sheria mwenyewe, alipovua kofia na kuipaza ile sauti yake.

"Shikamoo bibi!"

Wee! Mstari mzima ukafuata. "Shikamoo bibi! Shikamoo bibi!" Hakuna aliyefikiri, midomo ilifunguka yenyewe. Bibi akasimama na kuni zake, akamwitikia kila mmoja, hakumruka mtu. "Marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba." Kisha akatutazama, akacheka kwa fizi. "Mmechelewa wanangu! Jua limeshapanda."

Akaendelea kushuka. Katekista ndipo akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kofia, na vijana wakacheka mpaka wakashika miti. Mimi pia nilicheka. Nilipogeuka, Veronika alikuwa amekaa chini katikati ya njia. Alikuwa analia.

Nilichuchumaa kwake. Sheria ya kimya sikuijali tena.

"Vero, nini?"

"Dada, nilimwitikia."

"Nani? Bibi?"

"Festo. Siku ile." Alishika kanga yangu kwa mikono miwili. "Nilikuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo. Nikasikia shikamoo mama. Nikaitikia bila kugeuka. Nikasema, marahaba mwanangu, mmechelewa, wali umepoa, mwenzako yuko wapi? Nikacheka, dada. Deo wangu yuko majini, mimi napokea salamu na kucheka. Ningegeuka ningemwona ameloa, ningejua. Sikugeuka. Sasa kila akisema shikamoo, najisikia mimi mwenyewe ninavyocheka. Mdomo unagoma."

"Kumbe humchukii?"

"Nimchukie kwa lipi? Si nimemlea na ugali wangu huyu?"

Mama yangu mzazi! Mwaka mzima kijiji kimemhukumu kijana, mwaka mzima mimi namhubiria mdogo wangu kuhusu msamaha, kumbe aliyemnyima msamaha alikuwa yeye mwenyewe. Nilimkumbatia palepale kwenye matope. Nilipoinua macho nikamwona Festo amesimama hatua chache chini yetu, msalaba begani, vijana wengine wamempisha. Alikuwa amesikia yote. Katekista aliinua kidole kama anayetaka kuturudisha kwenye kimya, kisha akakishusha, akavaa kofia yake.

Tuliendelea kupanda. Safari hii hakuna aliyehitaji kukumbushwa kunyamaza.

Kileleni. Huko juu miti inapungua, kuna mwamba mpana, na bonde lote la Kilombero liko chini yako: mashamba yaliyovunwa, moshi wa mabua, na mto, mwembamba, unang'aa. Vijana walichimba shimo, wakausimika msalaba, wakaushindilia mawe. Veronika alisimama ukingoni akautazama mto. Hakugeuka pembeni. Niliogopa, nikasogea karibu naye, akaniambia nisiogope.

Ndipo Festo akaja. Alipiga goti moja mbele yake, mikono bado ina udongo.

"Mama, pole."

Kijana akaendelea.

"Siku ile nilitoka mtoni nikijifundisha njia nzima. Nitaanza na pole. Nitasema pole mama, halafu nitasema mengine. Nilipofika mlangoni nikakuona unapakua, mdomo ukasema shikamoo. Mazoea, mama. Ukaitikia vizuri, nikashindwa kusema. Nilisimama pale muda, sikuweza. Neno langu lilikuwa pole, nimechelewa nalo."

"Asante, mwanangu," alisema Veronika. Aliinama akamshika kichwa. "Na wewe pole, Festo. Ulikuwa na rafiki mmoja."

Kijana alilia kwa sauti, bila kujificha. Na mimi ndipo nikaelewa jambo ambalo mpaka leo linaniumiza. Kwenye msiba ule tulimpa pole mama, tukawapa pole shangazi, majirani, hata mimi nilipewa pole nyingi sana. Festo, aliyekuwa ndani ya mtumbwi ule, hakuna aliyempa. Tulimuuliza tu ilikuwaje. Katekista alikuwa wa kwanza kumfuata, akamwekea mkono begani, "Pole, kijana wangu." Wakafuata wengine mmoja mmoja, na Baba Adelina, ambaye hakumjua hata marehemu wetu, naye alimpa pole. Zamu yangu ilipofika nilishindwa kulitamka vizuri.

Tulisali Baba Yetu tukiwa tumeuzunguka msalaba. Masikio yangu yote yalikuwa kwa mdogo wangu. Alifika pale anaponyamazaga, sauti ikakwaruza, akapita.

Usiku ule tulilala msituni chini ya maturubai, na asubuhi tukashuka. Nawaambia kushuka ni kubaya kuliko kupanda, msidanganywe na mtu. Festo alimshika mkono Veronika kwenye mawe yanayoteleza, wakawa wanaongea mambo madogo, angalia hapo mama, kanyaga huku. Lakini shikamoo hakumwamkia. Asubuhi nzima aliwaamkia wote, kwake akasema tu, "Umeamkaje mama?" Alikuwa anamngoja awe tayari kuitikia.

Niliyojifunza ni haya, na mnisamehe kama mliyajua zamani. Sisi watu wa bonde hili tuna salamu za kila kitu, na tumezizoea mno, mpaka midomo inatembea mbele yetu, peke yake. Nilidhani anayenyamaza ana hasira. Wakati mwingine anayenyamaza ameliona neno lilivyo zito. Nikirudi tena mlimani, na magoti yakikubali nitarudi, nitanyamaza kwa heshima zaidi.

Namawala, jioni. Lori lilitushusha mimi na Veronika, nikaamua kulala kwake. Aliinjika wali bila hata kubadilisha nguo, nami nikakaa kwenye kigoda nikinyoosha miguu. Kifurushi chake tulikuwa tumekisahau kwenye lori, na Festo, aliyeshuka mbele kidogo, akaja nacho. Nilisikia hatua zake uani. Veronika alikuwa jikoni anapakua, mgongo mlangoni. Naye alizisikia, nikaona mwiko umesimama hewani.

Aligeuka kabla kijana hajafungua mdomo. Alimtazama kuanzia miguuni, taratibu, suruali, shati, mpaka kichwani. Alikuwa mkavu.

"Shikamoo mama," alisema Festo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ule, wali bado wa moto."