Mwanatatu, Si Mwanatabu

Jumatatu, wiki moja baada ya kushinda rufaa yake ya kodi, Mwanatatu, mshona mapazia wa Jomvu Kuu, aliipeleka amri ya baraza la rufaa za kodi kwenye ofisi ya kodi akiwa na furaha tele. Dirishani akakataliwa. Amri ilisema rufaa imekubaliwa, lakini jina lililoandikwa lilikuwa Mwanatabu.

Na Mwanatabu yuko. Ni dadake mkubwa, mkunga wa Mkomani, ambaye hajauza hata sindano maishani mwake.

"Alhamdulillahi!" Mwanatabu alicheka kwenye simu. "Kumbe nimeshinda kesi!"

"Cheka tu, dada. Hoteli yataka cheti changu cha kodi Ijumaa, la sivyo mapazia ya vyumba arubaini yatakwenda kwa mwengine."

"Basi tafuta wakili."

"Wakili wa herufi moja? Nitaifuata mwenyewe."

Akaingia kwenye ukurasa wa baraza mtandaoni, akapata mahali pa kuomba kusahihisha makosa ya uandishi. Kisanduku cha maelezo alikijaza uchungu wa mwaka mzima: foleni, nauli, karani aliyemwita "wewe mama". Mtandao ukakataa, maneno yamezidi. Akafuta, akafuta tena, hata ikabaki sentensi moja: "Jina langu ni Mwanatatu, si Mwanatabu, tazameni kitambulisho nilichoambatisha." Akatuma, akarudi kwenye cherehani.

Jumatano amri mpya ikaja. Ukurasa wa kwanza, Mwanatatu. Mwengine angepiga vigelegele papo hapo. Yeye alivaa miwani akaendelea kusoma. Ukurasa wa nne, pale pa kumfutia madai ya kodi, Mwanatabu alikuwa bado ameketi.

"Wallahi, huyu hataki kuondoka!" akasema, akacheka peke yake. Akatuma ombi la pili, safari hii akitaja ukurasa na mstari.

Alhamisi adhuhuri amri ilirudi, sawa kila mahali. Aliisoma mara mbili, akavaa buibui, akaenda. Msichana wa dirishani aliilinganisha na kitambulisho, akaitikia kwa kichwa, na cheti kikatoka kabla ya alasiri. Mwanatatu alikaa kitako kwenye benchi la nje, akampigia dadake simu.

Jumatatu iliyofuata alikuwa juu ya ngazi hotelini, penseli sikioni, akipima dirisha la kwanza, na Mwanatabu chini yake akiishika ngazi na kulalamika kuwa yatikisika.