Kitako cha Kitunga

Kwetu Masisi mtu aliyeishiwa mbegu haendi kuomba kwa mdomo. Anakuja na kitunga kitupu, kile kikapu ambacho kila nyumba inacho, anazungumza habari za watoto na za mvua, kisha anaondoka na kukisahau mlangoni. Kesho yake anarudi kukichukua. Mwenye nyumba amekwisha kutia kidogo ndani yake. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyetoa. Nilizaliwa katika desturi hiyo, nikaiona kila majira ya kupanda, na bado sikuijua. Nilikuwa najifunza Kiingereza.

Shule yetu ilifungwa walimu walipoondoka, katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, nami nikabaki na darasa la sita na hofu ya kuwa mjinga. Mjomba wangu alikuwa akipeleka chumvi Pinga na kurudi na mafuta ya mawese. Safari moja aliniletea kitabu cha Kiingereza. Kurasa za mwisho, zenye majibu ya mazoezi, zilikuwa zimechanwa. Mjomba alidhani mtu alizivutia tumbaku. Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwangu lilikuwa ugonjwa. Nilifanya kila zoezi, nikalifuta kwa kipande cha mpira, nikalifanya tena, wala sikupata wa kuniambia kama nimepata au nimekosa. Karatasi ilitoboka.

Zoezi lililonishinda kabisa lilikuwa la vitu vichache. Waingereza wana "few" na "a few" kwa vitu vinavyohesabika, kama maharagwe, na "little" na "a little" kwa visivyohesabika, kama maji na chumvi. Kamusi yangu ndogo ya Kiingereza na Kifaransa iliandika neno lile lile mbele ya yote manne. Kitabu kilisema kwamba "few" ni karibu na hakuna, na "a few" ni kwamba vipo. Lakini ni vingapi? Nilitaka namba. Kama maharagwe matano ni "few", je, saba? Mpaka uko wapi? Sentensi kumi na mbili zilikuwa zikiningoja na nafasi zake tupu, na kila nikizijaza nilihisi nimedanganya.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo dada yangu mkubwa, aliyeolewa Walikale, alijifungua, na mama akaenda kumsaidia. Baba alikuwa Kirolirwe akichunga ng'ombe wa watu. Nyumba ikabaki mikononi mwangu. Mama alikuwa amekwisha kupanda shamba letu, na mbegu zilizobaki zilikuwa katika chungu juu ya moto, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasiziguse. Akifunga mzigo wake aliniambia kwamba Mama wa ng'ambo atakuja, na kwamba nimtilie kidogo.

Mama wa ng'ambo alikuwa mjane aliyekaa upande wa pili wa kijito chetu. Yeye ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Asubuhi kabla ya kushuka shambani, yeye na mama walikuwa wakiitana kutoka kilima hadi kilima, wakitaniana juu ya nani amelala sana.

Alikuja, akaniuliza habari za Walikale, akakisahau kitunga. Nilikuwa katikati ya zoezi. Nilishusha chungu kwa hasira ya mtu aliyekatizwa, kisha hofu yangu ya kawaida ikaja. Kidogo ni kiasi gani? Nikitoa nyingi, mama atarudi akute chungu kimepungua na kuniita mpumbavu. Nikafikiri vizuri, kwa makini yangu yote, nikachagua kiasi ambacho hakuna mtu angeweza kukiita kingi. Nikakitia kitungani, nikapangusa majivu mikononi, nikarudi kwenye kitabu, nikiwa nimeridhika.

Kesho yake alisimama mlangoni akitazama ndani ya kitunga kwa muda. Aliuliza mama atarudi lini. Nikamwambia sijui. Alizifunga zile mbegu katika pembe ya kitambaa chake, akakigeuza kitunga na kukivaa kichwani kama kofia, kitupu, akaenda. Niliona ni kichekesho.

Mama aliporudi hakuweka mzigo chini. Alikuwa amepita kando ya shamba la jirani yake, na wakati maharagwe ya watu wote yalikuwa yametoa majani mawili, lile lilikuwa na magugu matupu. Aliniuliza kama Mama wa ng'ambo alikuja.

"Alikuja. Nilimutilia kidogo, njo vile ulisema."

"Ulifunika kitako?"

Sikujua anasema nini. Alikiweka kitunga chake mbele yangu na kuniamuru nimwonyeshe. Nikatia kama nilivyotia siku ile, kwa uaminifu kabisa, maana kiasi nilikikumbuka. Mbegu zilijikusanya upande mmoja. Kote kwingine ulionekana msuko wa kitako.

Mama alishusha mzigo wake, akauketia.

"Hii haiko kidogo," alisema. "Hii ni kufukuza muntu."

Ndipo akanieleza kile ambacho kila mtoto wa kilima kile alikijua: ukitia, unatia hadi kitako kisionekane. Kitunga kikiwa kidogo au kikubwa, chungu kikiwa kimejaa au kinakaribia kwisha, ni hivyo. Kitako kikionekana, umemwambia mwenzako asirudi tena. Wala jirani hangeweza kwenda kukisahau kitunga kwenye nyumba nyingine, kwa sababu watu wangeuliza kwa nini hakuja kwetu, naye hakutaka kututangaza kuwa wachoyo.

Asubuhi nilisikiliza. Mama alisimama uwanjani, akaita ng'ambo ya kijito mara moja. Hakuna aliyemjibu.

Mimi nikikosea, hukimbilia kosa la upande mwingine. Nilijaza kitunga mpaka kikawa na kilima, nikavuka kijito nacho, mbegu zikidondoka njiani. Mama wa ng'ambo alikuwa akikata majani kando ya nyumba. Alinitazama nikipanda.

"Mwalimu," alisema. "Leo umehamisha soko nzima?"

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeutunga njiani, sentensi kwa sentensi, lakini hakuungoja. Alileta kitunga chake, kile kile, akamimina kutoka kwangu polepole, akikitikisa ili mbegu zitawanyike. Kitako kilipofunikwa aliacha. Akanirudishia changu, bado kizito.

"Mama, chukua yote," nilisema.

"Nyingi iko ya kurudisha. Kidogo iko ya kupewa." Akatazama mawingu. "Na tumechelewa. Basi, umwambie mama yako nimeamka mbele yake."

Na sasa nifike kwenye jambo ninaloliandikia haya. Nilikuwa nimesimama mbele ya mwanamke niliyemkosesha majira ya kupanda, naye ananisamehe kwa mzaha. Nilikuwa nikitazama mbegu zilizotandazwa ndani ya kitunga chake. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, wala si kwa sababu ya msamaha. Niliona kwamba hakuna namba. Siku ile nilikuwa nimempa "few": ukitazama, unaona kitako. Alichojipimia sasa kilikuwa "a few": ukitazama, unaona maharagwe. Mwenye kutazama anaona kilichopo au anaona kilichokosekana, basi. Hata "little" na "a little" zikajipanga zenyewe, kama maji katika kibuyu.

Sikumbuki kama nilimuaga. Nilikimbia. Nyumbani nilipitiliza hadi kwenye kitabu nikajaza nafasi zote kumi na mbili bila kufuta hata moja, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji zile kurasa zilizochanwa. Mama aliingia na kusimama nyuma yangu. Aliniuliza jirani amesema nini. Nilimwambia angoje, nimalize.

Alingoja. Nilipomaliza nikampa ujumbe, akatoka uwanjani kuita, na safari hii akajibiwa. Nilisikia kicheko chao nikiwa bado nimeshika kalamu.

Maharagwe ya Mama wa ng'ambo yaliota. Lakini yalipotoa maua, maua hayo yalikutana na jua la mwezi wa sita, na mengi yakaanguka. Alivuna alichovuna. Wakati wa kupura alikuja kwetu na kitunga, akazungumza habari za mjukuu wa mama huko Walikale, akaondoka na kukisahau mlangoni. Nilidhani amekuja kwa shida, nikakimbia kushusha chungu.

"Acha," mama alisema. "Tazama kwanza."

Kitunga hakikuwa kitupu. Kutoka katika mavuno yale alikuwa ametutilia maharagwe mapya, yametandazwa hadi ukingoni mwa kitako, bila mwanya wowote.

Mama aliyapika jioni ile ile. Nilisema sina njaa. Alinisogezea sahani, akakaa mbele yangu, na hakuondoka mpaka nilipoyala yote.