Unga Uliomwagwa Mapema

Kila Septemba, tukifika kwenye namba, nawaonyesha watoto wa darasa la kwanza jinsi ya kuandika saba. Nachora kichwa, nateremsha mguu, kisha naweka mstari mfupi katikati.

"Huu ni mukaba yake," nawaambia. "Saba bila mukaba, pantalon inaanguka."

Wanaicheka suruali hiyo, halafu wanainama juu ya madaftari, ulimi nje, kila mmoja akiifunga saba yake mkanda. Hawajui ni kwa nini mwalimu wao analishikilia sana jambo dogo hivi.

Nilikulia mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mlango wetu ulikuwa sawa na bati la jirani wa chini. Mama aliuza unga wa muhogo sokoni. Nyumba nzima ilikuwa na vumbi lake jeupe: kwenye viti, kwenye nyusi zake, hata katikati ya kurasa za Biblia ya baba. Baba alikuwa sekretari katika ofisi ya mradi fulani mjini. Mwaka nilipokuwa nikimaliza sekondari, mradi ule ulifungwa. Alirudi nyumbani na kikombe chake na farde, lile jalada la karatasi zake, akatuambia, "Mungu iko na mupango." Kesho yake alipiga pasi shati kama kawaida, akabeba farde, akashuka mjini kutafuta kazi. Alifanya hivyo kila asubuhi, miezi mingi.

Nitasema ukweli: maneno yake yalikuwa yameanza kunichosha. Nilitaka kuuliza, mupango gani? Lakini kwetu mtoto haulizi hivyo, basi niliyaweka matumaini yangu yote kwenye mtihani wa serikali. Asiyeupita haingii chuo kikuu. Nilijiambia kwamba nikifaulu, ndipo nitajua kama Mungu anatutazama.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze. Matokeo huja kwa simu. Unatuma namba ya mwanafunzi, unajibiwa kama amefaulu na kwa asilimia ngapi. Na aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, mbele ya watu, kisha huzungushwa mtaani kwa nyimbo. Ukimwona kijana mweupe kuanzia nywele hadi mabega, huulizi kitu, unapiga vigelegele. Nyumba nyingi hutumia poda ya watoto. Kwetu palikuwa na unga.

Siku ile vigelegele vilianza kama saa nne asubuhi, upande wa juu wa mlima, vikawa vinateremka nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa mjini na simu yake. Jirani yetu wa chini, mwendesha taksi ya pikipiki tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alipanda mbio na simu yake mkononi.

"Leta numéro!"

Nilimwandikia kwenye kipande cha katoni. Alituma, tukangoja. Ghafla akaruka: nimefaulu, kwa asilimia sitini na mbili.

"Réussi! Soixante-deux! Maman, leta bunga!"

Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichota unga kwenye gunia kwa chekeche, akanimwagia wote. Unga uliingia masikioni, mdomoni, shingoni. Majirani walijaa.

"Akili ya papa yake!" mmoja alipaza sauti.

"Ya papa yake?" Mama alijibu huku akicheza. "Papa yake akili yake yote aliimalizaka siku ya kunioa!"

Tuliteremka hadi sokoni tukiimba, tukapanda tena. Baba alitukuta karibu na nyumba. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Hakucheza. Alisimama akiangalia nywele zangu, kisha akamwita tonton pembeni akaomba lile katoni.

Yeye pia alikuwa ametuma namba yangu, kutoka kwenye fomu iliyokuwa ndani ya farde. Jibu lake lilikuwa jingine: nimeanguka.

Ilikuwa tarakimu ya mwisho. Niliandika moja yenye pua ndefu, kama tulivyofundishwa, lakini saba nyingine za namba ile niliziandika haraka, bila mkanda. Tonton alipoiona moja ile, akaifananisha nazo, akatuma saba. Tulikuwa tumesherehekea mtoto wa watu.

"Maman, munisamehe," tonton alisema, macho yamejaa machozi. "Lakini na huyu, moja yake iko na pua kama ya muzungu."

Hakuna aliyecheka. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakinong'ona. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji, nikaanza kujisugua. Unga wa muhogo ukikutana na maji hauoshiki, unakuwa gundi. Nilisugua na kulia, nikimwambia Mungu kwamba kama huu ndio mupango wake, angalau asingeruhusu mtaa mzima unione.

Mama alikuja akaushika mkono wangu.

"Acha kwanza."

"Maman, watanicheka. Hii bunga ilikuwa ya uongo."

Aliketi juu ya jiwe la kufulia, akanivuta karibu.

"Sikiliza, mutoto yangu. Mimi sikumwangia pourcentage bunga. Nilikumwangia weye. Weye uko palepale."

Akaanza kuutoa unga kwenye nywele zangu kwa vidole, taratibu, kishungi kwa kishungi, akiimba chinichini wimbo wa kanisani. Ilichukua mchana wote. Baba alikuja akaketi nasi, akashika kopo la maji. Hakusema lolote kuhusu mupango, na nadhani siku ile ndipo nilipoanza kumwamini baba.

Nilirudia mwaka. Jumamosi nilimsaidia mama sokoni, maana bega lake lilikuwa limeanza kukataa magunia. Akina mama wa meza za jirani walijua kuhesabu vizuri sana kwa kichwa, lakini wengi hawakujua kuandika. Mmoja aliniomba nimwonyeshe namba ili aweze kupiga simu kwa mtoto wake aliyeko Kamanyola. Baada yake akaja mwingine. Niliwafundisha kwa mkaa juu ya makatoni, na kila saba niliiwekea mkanda. Hadi wakati huo nilidhani nitasomea sheria, kwa kuwa baba aliipenda. Pale sokoni, siku mama yule wa kwanza alipobonyeza namba mwenyewe na kusikia sauti ya mtoto wake, nilijua nataka kuwa nani.

Sisemi kwamba nilianguka ili niwe mwalimu. Siwezi kumsemea Mungu. Baba alipata kazi shule ndogo ya Mudaka, ofisini hakurudi tena, na sijui kwa nini. Ninachojua ni hiki: unga ulinifikia kabla ya jibu, na jibu lilipokuja baya, aliyeumwaga hakuondoka. Kama unangoja jibu lako leo, ndugu msomaji, anza kutoka hapo.

Mwaka uliofuata, baba alituma namba mwenyewe, akaisoma mara tatu. Nilifaulu. Majirani walijaa tena, tonton mbele yao.

"Maman, bunga!"

"Bunga gani?" Mama alishika kiuno. "Si nilisha kumwanga mwaka jana?"

"Ile ilikuwa ya nini, sasa?"

"Ilikuwa ya hii. Muko munachelewa tu."

Walicheka hadi tonton akaketi chini. Lakini mama aliingia ndani, akatoka na unga kidogo kwenye kiganja. Niliinamisha kichwa. Alichukua kiasi cha ncha ya kidole gumba, akaniwekea kwenye paji la uso, kama padri anavyoweka majivu.

"Yenye inabakia," alisema, "tutapika bugali."